Winga asiyefunga akihama timu, ataanza kufunga?

Nilikuwa nimeahidi kwamba wiki hii ningeandika kuhusu bekapu, yaani jinsi ya kuhifadhi nakala za kazi zako kabla tarakilishi haijakuaga dunia. Walionikumbusha ahadi hiyo nawaomba radhi. Makala hayo yanakuja. Lakini Jumapili iliyopita nilivutwa katika mjadala kando ya uwanja wetu hapa Njiru, na tangu siku hiyo jioni zangu zote zimeishia kwenye swali moja tu: winga ambaye hafungi mabao, akihamia timu nyingine, kuna sababu yoyote ya kuamini kwamba huko ataanza kufunga?

Swali lenyewe halikuzuka hewani. Timu ya mtaa ina winga wa kushoto, kijana wa miaka 20, mwenye mbio za kutisha. Msimu uliomalizika alifunga mabao 3. Matatu! Straika wetu alifunga 14. Kamati imeamua kumwachilia winga, na kuna timu moja ya upande wa Ruai inayomtaka. Timu hiyo ina mfadhili, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye kila mwaka huwalipia wachezaji wawili karo ya chuo cha ufundi. Kijana wetu anataka kusomea umeme na kwao hakuna wa kumlipia. Sasa kocha wa Ruai amesikia hiyo hesabu ya 3 na miguu imekuwa mizito.

Ninaingiaje hapo? Mimi ndiye hushika daftari la timu. Sijawahi kuwa mchezaji wa kusifiwa. Nilipewa daftari kwa sababu nilisoma sayansi ya kompyuta, na mtaani kwetu aliyesoma kompyuta hutengeneza redio, huondoa virusi kwenye simu za watu, na huandika mabao. Kwa hiyo kocha alinipigia mimi. "Wewe ndiye una rekodi," akasema. "Niambie ukweli, kijana wangu. Huyu atanifungia ama nitakuwa nimejitwika mzigo?"

Nikamwomba wiki moja.

Pale kando ya uwanja kulikuwa na kambi mbili. Ya kwanza iliongozwa na mwenyekiti wetu, mzee ninayemheshimu sana, ambaye alisema kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Kwamba mfungaji ni mfungaji hata ukimpeleka mwezini, na mabao 3 katika mechi 22 ni ushahidi tosha. Kambi ya pili ilikuwa ya vijana, nao dawa yao ilikuwa ni kuhama tu. "Muone Olunga! Alikwenda Japani akawa moto." Basi ikawa ni kelele, huyu akitaja jina hili, yule akitaja lile, na hakuna aliyekuwa akisikiliza.

Nilirudi nyumbani nikasema, haya, tuchukue hayo majina moja baada ya jingine.

Kuna mechi ambayo karibu kila mpenda kandanda wa Afrika Mashariki anaikumbuka. Tarehe 27 Juni 2019, jijini Cairo, Kombe la Mataifa ya Afrika, Kenya dhidi ya Tanzania. Tulishinda 3-2 (ndugu zangu wa Dar, samahani, lakini lazima niitaje). Simon Msuva aliwatangulizia Tanzania, Michael Olunga akasawazisha, Mbwana Samatta akairudisha Tanzania mbele dakika iliyofuata, Johanna Omolo akasawazisha tena kwa kichwa, na Olunga akamaliza kazi dakika ya 80. Washambulizi watatu, Msuva, Olunga na Samatta, wote walifunga usiku huo mmoja, na wote walikuwa wameondoka nyumbani kwenda kutafuta riziki ya mpira ng'ambo. Ukitaka kujua uhamisho humfanyia mtu nini, hawa wanatosha.

Nianze na Olunga, maana ndiye silaha ya kambi ya vijana. Mwaka 2015 aliifungia Gor Mahia mabao 19 ya ligi, msimu ambao Gor walitwaa ubingwa bila kupoteza mechi. Mwaka 2016 akaenda Djurgården ya Uswidi, akafunga 12 katika mechi 27. Mwaka 2017 alikuwa China, katika klabu ya Guizhou, mwaka uleule ambao wakuu wa soka ya China walipunguza idadi ya wageni wanaoruhusiwa kucheza katika mechi moja. Nafasi ikawa finyu. Akapelekwa Girona ya Hispania kwa mkopo. Januari 2018 Girona waliwafunga Las Palmas 6-0 na Olunga akatia kimiani mabao 3. Nchi nzima ilisherehekea, mimi nikiwemo. Lakini tazama: hayo mabao 3 ndiyo yote aliyoyafunga katika ligi ya Hispania. Yote, katika mechi moja. Agosti 2018 akaenda Kashiwa Reysol ya Japani, akafunga mabao 3 ya ligi katika miezi iliyobaki, na timu ikashuka daraja.

Simama hapo. Jifanye ni Desemba 2018 na wewe ndiwe mwenyekiti wa klabu. Mbele yako kuna mshambulizi aliyefunga mabao 6 ya ligi mwaka mzima katika nchi mbili, nusu yake katika mchana mmoja, na timu yake imeteremka. Ungemnunua? Mimi nadhani mwenyekiti wetu angemwita mzigo, na kwa jedwali la mabao peke yake asingekuwa na kosa.

Mwaka 2019, katika daraja la pili la Japani, Olunga alifunga mabao 27 katika mechi 30. Manane kati ya hayo yalitoka katika mechi moja, tarehe 24 Novemba, Reysol walipowaadhibu Kyoto Sanga 13-1. Mtu mwenye shaka anaweza kusema toa hiyo mechi ya ajabu, toa udhaifu wa daraja la pili. Sawa. Mwaka 2020, wakiwa wamerudi daraja la kwanza, akafunga 28 katika mechi 32, akawa mfungaji bora na pia mchezaji bora wa ligi nzima ya Japani. Halafu akaenda Al-Duhail ya Qatar na kuwa mfungaji bora wa ligi ya huko mara mbili mfululizo, mabao 24 msimu wa 2021-22 na 22 msimu uliofuata.

Hapa kuna jambo ambalo vijana wa kambi ya pili hawakulisema, na mimi pia sikuliona mpaka nilipoandika miaka kwenye karatasi. Ruka kubwa kuliko zote katika maisha ya Olunga, kutoka 3 hadi 27, aliruka akiwa KLABU ILEILE. Hakuhama. Jezi ilikuwa ile ya manjano, mji ule ule. Kilichobadilika ni kile kilichomzunguka: daraja la ligi, kocha (Nelsinho Baptista alirejea kuinoa timu mwaka 2019), na namna timu ilivyomfikishia mpira. Kwa hiyo anayemtaja Olunga kama ushahidi kwamba kuhama ni dawa, ameshika mfano ambao unamgeuka mkononi.

Samatta ni upande wa pili wa shilingi. Mwaka 2015 alibeba Ligi ya Mabingwa ya Afrika na TP Mazembe, akatuzwa kuwa mchezaji bora wa Afrika anayecheza barani, kisha Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji. Msimu wa 2018-19 alifunga mabao 23 ya ligi na Genk wakawa mabingwa. Januari 2020 Aston Villa wakamchukua. Alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth, akafunga pia fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Halafu kimya. Bao 1 la ligi katika mechi 14. Je, miguu ya Samatta ilisahau kufunga ndani ya ndege? Villa msimu ule walinusurika kushuka daraja kwa pointi moja, na walifunga mabao 41 tu katika mechi 38, timu nzima. Alitoka kwa mabingwa wanaokaa na mpira, akaingia kwa watu wanaopigania roho zao. Na kabla hujasema kwamba tatizo ni Uingereza tu, kumbuka kwamba alirudi Genk kwa mkopo msimu wa 2022-23, na yale mabao 23 hayakurudi naye. Umri ulikuwa umesonga, na timu ilikuwa na straika mwingine mbele yake. Genk ya 2019 haikuwepo tena mahali popote, hata Genk.

Msuva nitampitia haraka, ingawa ndiye winga halisi kati ya hao watatu. Msimu wa 2014-15 alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania akiwa na Yanga, mabao 17, akitokea pembeni. Mwaka 2017 akaenda Difaâ El Jadida ya Morocco na mwaka 2020 akajiunga na Wydad. Lakini mimi nataka ukumbuke lile bao la Cairo. Samatta alipiga, kipa wetu Patrick Matasi akautema mpira, na Msuva akawa pale kuumalizia. Akawa PALE. Winga aliyebaki kwenye mstari wa pembeni akisubiri pasi halipati bao hilo hata akiwa na mguu wa dhahabu. Tutarudi kwenye jambo hili.

Sasa niende kwenye uwanja wangu mwenyewe, ambao hauna vumbi la machimbo ya mawe kama huu wa Njiru.

Niliandika programu fupi ya Python, mistari kama ishirini hivi. Ndani yake kuna winga wa kubuni. Kila msimu anacheza mechi 30 na kupiga mashuti 75, na kila shuti lina nafasi 1 kati ya 10 ya kuingia, kiwango ambacho kiko karibu na wastani wa ligi kubwa za Ulaya. Winga huyu hazeeki, haumii, hagombani na kocha, hana mapenzi yanayomvuruga. Kiwango chake ni kile kile daima: kwa wastani mabao 7 na nusu kwa msimu. Nikaiambia tarakilishi imchezeshe misimu 10,000. Iliimaliza kabla sijainua kikombe cha chai.

Katika kila misimu 100, kama 12 hivi aliishia na mabao 4 au chini ya hapo. Na kama 13 hivi alifunga 11 au zaidi. Mtu yule yule! Fikiria magazeti yangeandika nini. Msimu huu "amekwisha", msimu ule "ameiva", kumbe ndani ya programu hakuna kilichobadilika ila bahati nasibu ya mpira kugonga mwamba na kuingia au kugonga mwamba na kutoka.

Halafu nikafanya jambo la pili, na hili ndilo lililonifurahisha. Nikachagua ile misimu mibovu pekee, ya mabao 4 kushuka chini, nikajifanya kwamba baada ya kila msimu wa aina hiyo winga aliuzwa. Timu mpya, lakini sikubadilisha nambari hata moja. Zaidi ya mara 8 kati ya 10 alifunga mabao mengi zaidi kuliko msimu uliomfukuzisha. Bila shaka! Alikuwa anarudi tu kwenye wastani wake. Mwingereza Francis Galton aliandika juu ya jambo hili mwaka 1886 akipima urefu wa wazazi na watoto wao, na mpaka leo linatudanganya kila siku. Kocha mpya anapewa sifa, mazoezi mapya yanapewa sifa, mchungaji aliyemwombea anapewa sifa. (Wanaoweka mikeka ya kubashiri wanajua uchungu wa hili, hata kama hawana jina lake.)

Mfano halisi ulio safi kabisa niliupata katika mchezo ambao hapa kwetu ni wachache wanaoucheza, mpira wa magongo wa barafuni. Katika ligi ya Amerika Kaskazini, NHL, klabu hubadilishana wachezaji katikati ya msimu kama watu wanaobadilishana mbuzi sokoni, na kila shuti huandikwa. Kuna winga mmoja Mkanada, Taylor Hall. Mwaka 2016 Edmonton walimtoa kwa New Jersey, mtu mmoja kwa mtu mmoja. Msimu wake wa mwisho Edmonton alikuwa amefunga 26. Msimu wa kwanza New Jersey akafunga 20, watu wakanung'unika. Msimu wa pili, 2017-18, akafunga 39 na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Kama mabao yangekuwa kipimo cha uhamisho, huo uhamisho mmoja ulikuwa umefeli na umefaulu ndani ya miaka miwili.

Lakini subiri. Msimu wa 2020-21 alikuwa Buffalo. Mechi 37, mabao 2. Buffalo ilikuwa timu iliyovunda kabisa mwaka ule, waliwahi kucheza mechi 18 mfululizo bila ushindi. Chini ya shuti 3 kati ya 100 za Hall ndizo zilizoingia. Aprili 2021 akapelekwa Boston, na katika mechi 16 zilizobaki akafunga mabao 8. Mawili katika 37, manane katika 16! Wakosoaji wote wakageuza ndimi. Na ukweli ni kwamba vitu viwili vilitokea kwa pamoja: Boston walimweka na wenzake wanaojua kumpa mpira, na bahati yake, ambayo Buffalo ilikuwa imekwenda chini kuliko inavyostahili, ikarudi, hata ikapita kiasi. Tunajuaje kwamba ilipita kiasi? Msimu uliofuata mzima, Boston hiyo hiyo, mechi 81, alifunga 20. Mchezaji mzuri, lakini si yule wa bao moja kila mechi mbili.

Kufikia Jumatano usiku nilikuwa na jibu langu tayari. Nilikwenda kwenye daftari nikakuta kwamba winga wetu alipiga mashuti 41 msimu mzima (ndiyo, naandika mashuti, na watu hunicheka kwa hilo). Nikaipa programu mashuti 41 kwa nafasi ya 1 kati ya 10. Mabao 3 au pungufu hutokea kama mara 40 katika kila misimu 100. Yaani ni jambo la kawaida kabisa. Nikaanza kuandika ujumbe kwa kocha: huyu kijana hana tatizo, ni bahati mbaya tu, mchukue, atafunga.

Sikuutuma. Kuna kitu kilinikera. Katika kazi yangu nimejifunza kwamba programu inapokupa jibu ulilolitaka, hapo ndipo pa kuikagua upya. Nami nilitaka sana kijana apate karo. Nani asingetaka?

Nikarudi kwenye daftari, safari hii nikitazama si idadi bali mahali. Kando ya kila shuti mimi huweka alama ndogo, duara kama limepigwa ndani ya kisanduku, msalaba kama ni nje. Nilianza tabia hiyo kwa sababu ya uchovu wa kukaa kwenye jua bila kazi, sikuwa na mpango nayo. Katika yale mashuti 41, misalaba ilikuwa 29. Miduara 12.

Sasa mambo yanabadilika. Ile 1 kati ya 10 ni wastani wa mashuti yote yakichanganywa. Ukiyatenganisha, shuti la ndani ya kisanduku huingia mara tatu au nne zaidi ya lile la nje. Wachambuzi wa kisasa hutumia kipimo kinachoitwa mabao tarajiwa: kila shuti hupewa uzito wake kulingana na mahali lilipopigwa na namna lilivyopigwa, kisha uzito wote hujumlishwa. Nilipoyapima mashuti ya winga wetu kwa njia hiyo, kwa makadirio ya kijijini (hatuna kamera, tuna daftari na kalamu ya Bic), nikapata karibu mabao 3. Na ndiyo aliyofunga. Hakuwa na bahati mbaya. Hakuwa na mguu mbovu. Alivuna kile kile ambacho mashuti ya namna ile huzaa.

Nitakiri kwamba niliumia kidogo, kwa maana jibu zuri lilikuwa limekufa. Kama ingekuwa bahati, ningeweza kumwahidi kocha kwamba msimu ujao mambo yatajirekebisha yenyewe. Sasa siwezi. Ukimchukua ukamweka kwenye mstari wa kushoto, ukamwambia akimbie hadi kibendera cha kona na kumimina krosi, na akiishiwa na njia ajaribu kutoka mbali, atakufungia mabao 3. Pengine 1, pengine 5, lakini uzito ni 3, awe Njiru, Ruai, au Girona.

Mwenyekiti akisoma hapa atasema, si nilikwambia? Hapana mzee wangu, kwa heshima zote, hukuniambia hivyo. Ulisema kwamba mabao 3 yamo ndani ya kijana, kama urefu wake au rangi ya macho yake. Mimi nasema yamo katika mahali tulipomsimamisha. Sisi ndio tuliomwambia asiingie ndani "asije akambana straika". Nilikuwepo, niliyasikia maneno hayo kila Jumapili. Na yule straika wa mabao 14 tunayemwimbia nyimbo? Nilifuatilia kila bao lilivyoanza. Sita kati ya 14 zilianzia kwenye krosi ya huyo huyo winga tunayemwachilia. Tumeuza kisima ili tubaki na ndoo.

Najua kuna watakaosema kwamba takwimu za Ulaya hazina maana katika uwanja ambao mpira hugonga jiwe na kubadilisha njia. Wana haki kidogo. Huenda hapa kwetu shuti la mbali huingia mara nyingi zaidi kwa sababu makipa wetu hawana glavu za maana na jua huwapiga usoni. Huenda. Lakini hilo linahitaji madaftari mengi, si moja, na timu nyingi za mtaa bado huandika jina la mfungaji na dakika basi. Tunaamua maisha ya watoto wa watu kwa safu moja ya jedwali. Katika ofisi ninayofanyia kazi, mtu akiniambia nifute kipande cha programu kwa sababu "hakitoi matokeo", kitu cha kwanza ninachouliza ni kile kipande kinapokea nini. Ukikilisha takataka kitatoa takataka, na hutakitengeneza kwa kukihamishia kwenye mashine nyingine.

Alhamisi jioni nilimpigia kocha wa Ruai nikiwa kwenye matatu, tumekwama Kangundo Road kama kawaida. Nikamwuliza kabla hajaniuliza: "Kocha, utamchezesha wapi?"

Akanyamaza kidogo. "Pembeni, kushoto. Si ndiye winga?"

"Basi usimdai mabao. Dai krosi. Ukitaka mabao, mwache aingie ndani, mpira ukiwa kulia yeye awe kwenye mlingoti wa mbali. Hajawahi kuruhusiwa, kwa hiyo siwezi kukuambia atafunga mangapi. Ninachokuambia ni kwamba ile 3 haikuambii chochote kuhusu jambo hilo."

"Na mzee wa duka nimwambie nini? Yeye huuliza nani amefunga, anatoa karo. Hajui krosi ni nini."

Hapo sikuwa na nambari. Nilimwambia nitampiga picha ule ukurasa wa mabao sita, wenye jina la aliyetoa krosi kando ya kila bao, nimtumie kwa simu, naye amwonyeshe mzee. Nilifanya hivyo usiku ule ule. Ujumbe una alama za kusomwa, lakini jibu halijaja.

Kijana mwenyewe ameniuliza jambo moja tu, kama ni kweli nilikuwa naandika mashuti yake yote. Nikamwonyesha. Aliitazama ile misalaba kwa muda mrefu, akaanza kuihesabu kwa kidole, akafika 29 akarudia kuhesabu. "Brathe," akasema, "zote hizi nilipiga kutoka huko mbali?"

Jumamosi hii atacheza mechi ya majaribio Ruai, dakika 45, na kocha amesema atamjaribu pande zote mbili. Nitakuwepo na daftari. Makala ya bekapu ni wiki ijayo, nikijaliwa.